Vicheko vya Vulamba

Msafiri atokaye Uganda na kuingia Kongo kwa njia ya Kasindi huiona nchi ikigeuka mara tatu kabla jua halijatua. Kwanza hukata mbuga yenye joto ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyowekwa mwaka 1925, akavuka mto Semliki. Upande wake wa kuume husimama milima ya Ruwenzori yenye theluji. Kilele chake kikubwa, Margherita, kimefika meta 5,109, ingawa siku nyingi mawingu hukificha kama mama afichavyo uso wa mtoto mchanga. Halafu hufika Beni, mji wa miti mirefu na mashamba ya kakao na kahawa, penye unyevu wa mwitu. Toka Beni barabara huelekea kusini, ikapanda kilima baada ya kilima, ikipita Kabasha na Maboya, mwendo wa kilometa 54 hivi, hata kufika Butembo. Hapo asubuhi mtu hutafuta koti, ijapokuwa mstari wa Ikweta wapita karibu tu, kati ya mji huo na Lubero. Sababu yake ni kimo cha nchi: vilima vya Butembo vimepita meta 1,700.

Mji wa Butembo umegawanyika katika komuni nne, nazo ni Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Wageni wengi huusifu kwa biashara yake, na kwa hakika Wanande ni wachuuzi hodari. Viazi, kabeji, vitunguu na maharagwe ya vilimani hushuka kwa malori na kwa chukudu, yaani zile baiskeli za mbao zisizo na pedali. Na vitu vya viwandani hupanda kutoka Kasindi, vingine vikiwa vimetoka Dubai na China. Lakini mimi nikitajiwa Vulamba, sikumbuki duka wala lori. Nakumbuka vicheko vya siku tatu, navyo ndivyo nitakavyo kuwasimulia wasomaji wetu.

MCHEZO USIO NA KITABU

Ilikuwa Agosti 2013, wakati wa likizo ya shule. Rafiki yangu mmoja, mwalimu, alinialika kutazama mashindano ya vijana katika ukumbi wa shule, wenye kuta za matofali na paa la mabati. Kundi moja lilikuwa la wenyeji, na la pili lilitoka Beni. Nilidhani nitaona mchezo wa kawaida, ambao wachezaji wamejifunza maneno yao kwa moyo. Kumbe sivyo. Hapakuwa na karatasi hata moja. Hakuna aliyejua atasema nini mpaka atakapokwisha kulisema.

Namna hii ya mashindano ilianzishwa Montréal, katika nchi ya Kanada, mwezi wa Oktoba mwaka 1977, na waigizaji wawili, Robert Gravel na Yvon Leduc. Wao waliigiza mchezo wa magongo wa barafuni, unaopendwa sana kwao: wakaweka uwanja mdogo wenye ukingo, makundi mawili yenye mavazi ya mchezo, na mwamuzi mwenye filimbi. Mwamuzi husoma kichwa cha habari, akataja idadi ya wachezaji na muda wao. Kila kundi hupewa sekunde 20 za kunong'onezana, kisha huingia kucheza. Watazamaji ndio wapigao kura kwa kuinua kadi yenye rangi ya kundi walipendalo. Toka huko mchezo ukavuka bahari ukafika Ufaransa na Ubelgiji, ukaenea katika nchi nyingi wasemazo Kifaransa.

Vijana wa Butembo walikuwa wameushona upya kwa kipimo chao. Kadi hawakuwa nazo. Basi kila mtazamaji alipewa mlangoni jani la mgomba na jani la muhogo, la kwanza kwa wenyeji, la pili kwa wageni wa Beni. Tena huko Montréal watazamaji wasioridhika humtupia mwamuzi kiatu cha mpira. Desturi hiyo wazee wa Vulamba waliikataa tangu siku ya kwanza. “Kumtupia mtu mzima kiatu ni tusi,” walisema, “hata ikiwa ameamua vibaya.” Badala yake waliruhusu watu wapige mabenchi kwa viganja. Nami nawahakikishieni kwamba mabenchi yale yalipata taabu.

Lugha ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa wageni walikuwamo wa kabila mbalimbali. Lakini mchezaji alipotaka kuchoma kweli, aliponyoka akasema neno moja la Kinande, na hapo akina mama wa nyuma walianguka mabegani mwa wenzao kwa kucheka. Mimi nilitafsiriwa kila mara, nikacheka peke yangu baada ya wote, nao wakanicheka tena kwa hilo.

KAMBALE WOTE WASIMAME

Yafaa nieleze kwanza jambo moja. Kwa Wanande, jina huonyesha mara nyingi nafasi ya mtoto katika kuzaliwa. Mwana wa kwanza wa kiume huweza kuitwa Paluku au Mumbere, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Wasichana nao wana majina yao, kama Masika na Kavira. Basi katika ukumbi wenye watu mia tatu, hesabu mwenyewe ni nyumba ngapi zimepata wana wawili.

Jioni ya kwanza mwamuzi alisoma kichwa: “Mtumishi wa serikali amepotewa na daftari.” Kijana mmoja wa Beni akaingia, akafunga tai isiyokuwapo, akafungua dirisha lisilokuwapo. Akaita kwa sauti kubwa, akimkusudia mwenzake aliyekuwa pembeni: “Kambale!”

Watu ishirini hivi wakaitika. Wengine walisimama kweli, wakidhani wanaitwa nyumbani. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mchezaji mwingine angeweza kufadhaika na kusema, “Siwataki ninyi.” Kijana huyu aliwatazama wote kwa uso wa huzuni, akavua miwani isiyokuwapo, akasema: “Asanteni kwa kuja upesi. Ninyi nyote mnadaiwa kodi ya kuku ya miaka mitatu.”

Ndipo wote wakaketi kwa mara moja, kama majani yaliyopitiwa na upepo. Mzee mmoja tu alibaki amesimama kwa kuwa magoti yake yalikuwa mazito. Kijana akamwelekea: “Na wewe, Kambale?” Mzee akajibu upesi: “Mimi ni Kasereka tangu asubuhi hii.”

Majani ya muhogo yakainuliwa kama shamba zima. Lakini watu waliposhangilia, mwalimu rafiki yangu aliniinamia akasema: “Umeona? Alilopewa hakulikataa.” Hiyo ndiyo sheria iliyo kubwa kuliko zote katika mchezo huu, nayo hufundishwa popote unapochezwa. Mwenzako akisema wewe ni daktari, wewe ni daktari. Akisema mvua inanyesha, fungua mwavuli. Upokee ulichopewa, kisha uongeze cha kwako juu yake. Mchezaji anayekataa kila neno la mwenzake huua mchezo mara hiyo, kwa maana hawezi mtu kujenga ukuta na mwingine anayeondoa matofali.

MBUZI WA MVUA

Jioni ya pili mvua ya milimani ilitushukia. Mtu asiyekaa chini ya mabati hajui neno hili. Sauti yake ilikuwa kubwa hata nisimsikie jirani aliyekuwa akipiga kelele sikioni mwangu. Wakati huo wachezaji wawili wa Butembo walikuwa katikati ya habari ya posa: baba wa msichana na kijana aliyekuja kuoa. Nanyi mwajua kwamba kwa Wanande mahari ya desturi ni mbuzi.

Hawakusimama. Baba akaanza kuhesabu kwa vidole: mbuzi mmoja, wawili, watatu. Vidole vya mikono vikaisha, akavua viatu. Kijana akafunga macho asione vidole vya miguu. Baba akamfungua macho kwa nguvu. Kijana akamshika mbuzi mmoja wa kuwaziwa, akamwonyesha baba meno yake, kumaanisha kwamba mbuzi huyu mmoja ni mzuri kupita kumi. Baba akampima mbuzi kwa shubiri, akashika pua kwa harufu yake. Hayo yote bila neno, nasi tukicheka bila kusikia kicheko chetu wenyewe. Niliona tu vinywa vilivyo wazi na mabega yatikisikayo.

Mara mvua ikakatika ghafula, kama ilivyo tabia yake huko juu. Katika ule ukimya sauti ya baba, ambaye alikuwa akipiga kelele kwa nguvu zake zote, ikasikiwa mpaka barabarani: “...na shangazi yake hajapata wake!” Shangazi mmoja wa kweli, aliyekaa mstari wa mbele, akasimama, akapiga vigelegele. Hata leo nikisikia mvua kwenye mabati, namkumbuka.

USIKU WA MSIBA

Siku ya tatu, saa sita za mchana, habari ililetwa kwamba mzee mmoja wa nyumba ya pili kutoka shuleni amefariki. Alikuwa mgonjwa tangu siku nyingi. Mashindano ya mwisho yalikuwa jioni hiyo, na vijana wa Beni walikuwa na lori la kuwarudisha kesho alfajiri.

Vijana waligawanyika. Wengine walisema, “Tutachekaje, na hapo pembeni watu wanalia? Tufunge ukumbi.” Wengine wakajibu kwamba watu wamekwisha tembea kutoka mbali. Maneno yakawa makali. Kijana mmoja wa wenyeji alisema yeye hatacheza kamwe, kwa maana marehemu alimfundisha kushika jembe. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawaambia neno moja tu: “Hukumu hii si yenu wala yangu. Nendeni mkawaulize wenye msiba. Wala msiende mikono mitupu.”

Wakaenda watano, na maji na kuni. Nami niliandamana nao. Mjane alikuwa ameketi chini, amezungukwa na wanawake wenzake. Waliposema shauri lao kwa hofu, alikaa kimya kitambo. Kisha akasema: “Wanangu, juzi na jana mzee aliwasikia mkipiga kelele. Aliniuliza, ‘Wanacheka nini?’ Nami sikuweza kumjibu. Nendeni mkacheze. Lakini msianze kabla hamjapasua kuni za usiku huu. Na mkiisha, mje mniambie walikuwa wakicheka nini.”

Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Makundi yote mawili, wa Beni na wa Butembo, yalipasua kuni pamoja hata jua likazama. Ngoma haikupigwa. Mashindano yalifupishwa, na mabenchi hayakupigwa kwa nguvu. Nasema kweli: si wote waliopendezwa. Mzee mmoja aliona ni aibu, akaenda zake nyumbani bila kuaga. Naye yule kijana aliyesema hatacheza, hakucheza; alikaa matangani tangu mwanzo.

Mashindano yalipokwisha, vijana walikwenda kuketi penye moto wa matanga. Mjane akawaita. Wakamsimulia habari ya Kambale ishirini na kodi ya kuku, na habari ya mbuzi wa mvua. Walisimulia polepole, kwa heshima, wakishikana zamu. Mjane alisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Mume wangu naye alikuwa Kambale. Angeketi chini wa kwanza.” Ndipo wanawake waliomzunguka wakacheka huku wakifuta machozi, na yule kijana aliyekataa kucheza akacheka pamoja nao.

Nilipoisimulia habari hii kwa watu wa Tanzania, hawakuistaajabia. Kwao kuna desturi ya utani kati ya makabila, kama Wanyamwezi na Wazaramo, au Wahehe na Wangoni. Mtani huja msibani kusaidia kazi za mazishi, tena ana ruhusa ya kufanya mzaha hapo hapo, hata kumwigiza marehemu jinsi alivyotembea au alivyogombea chakula. Mtu mwingine angefanya hivyo angefukuzwa. Mtani haruhusiwi tu, bali hungojewa, kwa maana wazee waliona zamani kwamba moyo uliojaa majonzi wataka mlango wa kupumulia, na mlango huo huwekewa bawabu anayejulikana. Mjane wa Vulamba naye alifanya vivyo hivyo: mlango aliufungua, lakini kwanza aliwataka kuni.

KICHEKO KATIKA SIKU NGUMU

Tangu siku zile nchi ile imepita katika mambo mazito. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yalianza kuzunguka Beni, na vijiji vingi vikahamwa. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa, ukiwa umeanzia Mangina, magharibi ya Beni, ukaenea mpaka Butembo. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Katika muda huo hata salamu ya mkono iliachwa, na mazishi hayakuweza kufanywa kwa desturi ya kuosha na kugusa.

Hata hivyo watu hawakusahau kuigiza. Mwezi wa Desemba 2018 kura ya rais iliahirishwa katika Beni na Butembo, na sababu zilizotajwa ni ugonjwa na usalama. Tarehe 30 Desemba, nchi nyingine ilipokuwa ikipiga kura, watu wa Beni walijitengenezea kura yao wenyewe, kwa karatasi na masanduku yao, wakapanga mistari mirefu, wakinawa mikono kabla ya kuingia. Walijua kwamba kura zile hazitahesabiwa. Ulikuwa mchezo wenye maana kubwa, na kila mmoja aliucheza kwa uaminifu, ili waonyeshe kwamba mtu anayeweza kunawa mikono na kwenda sokoni aweza pia kunawa na kwenda kupiga kura. Hapo hapakuwa na kicheko kingi, lakini ustadi ulikuwa ule ule: kuchukua kile ulichopewa, hata kiwe kichungu, na kukifanyia kitu mbele ya watu.

Ustadi huo una wazee wake katika Kongo. Huko Lubumbashi kundi la Mufwankolo lilichekesha watu miaka mingi kwa Kiswahili cha Katanga, redioni na katika televisheni, bila kuandika michezo yao. Walikubaliana habari, wakagawana nafasi, kisha kila mtu akatafuta maneno yake mwenyewe. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo juu ya methali isemayo kwamba madaraka huliwa mazima, na mtaalamu Johannes Fabian akaandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo, kilichotoka mwaka 1990. Tena katika Kivu, kuna michezo ambayo wachezaji hufika kijijini, huuliza kwanza watu wanagombania nini, kama mpaka wa shamba au urithi, halafu huigiza ugomvi huo na kuwaita watazamaji waingie kuumaliza. Njia hiyo ilitokana na mafundisho ya Augusto Boal wa Brazili, aliyefariki mwaka 2009. Na Goma, tamasha la Amani lilipangwa kwanza mwaka 2013, vita vikalizuia. Likafanyika Februari 2014 katika uwanja wa Chuo cha Mwanga, na umati wa vijana ukaja kuimba na kucheza.

MCHEZO HUU NYUMBANI

Basi, ninyi wanafunzi mnaosoma habari hii, msingoje ukumbi wala mwaliko. Mchezo huu hauna gharama. Gawanyikeni makundi mawili jioni, baada ya kazi. Mtu mmoja mwenye busara awe mwamuzi. Bibi au babu hufaa sana. Yeye atoe kichwa cha habari: mgeni aliyefika wakati sufuria iko tupu, mwalimu aliyepoteza chaki, mbuzi aliyekula barua. Mpeane sekunde 20 tu za kunong'onezana, kisha dakika tatu za kucheza. Shikeni sheria hizi: usikatae alilosema mwenzako, usimcheke mtu kwa ulemavu wake, wala kwa umaskini wake, wala kwa kabila lake, na ukimwona mwenzako amekwama, ingia umsaidie, hata kama wewe ulikuwa na neno zuri zaidi la kujionyesha.

Nanyi wazazi, msidhani ni upuuzi. Mtoto anayecheza hivi hujifunza kusikiliza mpaka neno la mwisho, kwa maana asiposikiliza hana la kujibu. Hujifunza kusema mbele ya watu bila kutetemeka. Tena hujifunza jambo ambalo vijana wale watano walilijifunza katika ua wa mjane, wakiwa na kuni mabegani: kwamba kabla ya kuchekesha watu, sharti kwanza ujue wanakaaje, na ni nani kati yao anayelia usiku huo.